JIONI YA UKRAINE NA JAZI: MAONI JUU YA RATIBA YA VIJANA WA KAGONGWA

Vijana wapenda sanaa wa Kagongwa wametuletea ratiba ya jioni moja wanayokusudia kuiandaa, jioni ya utamaduni wa Ukraine na muziki wa jazi, nao wametutaka tuitolee maoni kabla haijatangazwa. Tumeisoma zaidi ya mara moja. Kwa kuwa maswali inayoyaibua hayahusu Kagongwa peke yake, tumeona vema maoni yetu yachapishwe hapa ili makada na wanafunzi wa vyuo nao wayapime.

Wapo watakaocheka. Watauliza Kagongwa na Ukraine wapi na wapi, na kwa nini vijana wa mji wa mashine za kukoboa mpunga, waliokaa kando ya barabara ya malori baina ya Isaka na Kahama, wasijishughulishe na mambo yanayowahusu. Swali hilo linajibiwa na soko lenyewe. Mwaka 2022, vita vilipopamba moto huko Ukraine, bei ya mafuta na mbolea ilipanda dunia nzima, na hapa kwetu Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya mbolea kuanzia msimu wa 2022/2023. Mkulima wa mpunga hakuulizwa kama anaijua nchi hiyo. Alikutana nayo dukani. Wapo pia vijana wa Kiafrika, Mtanzania akiwamo, waliokufa katika vita hivyo wakiwa katika safu za mamluki. Kama risasi na gharama za nchi hiyo zinatufikia, si haki nyimbo zake zizuiwe njiani.

Makada wamefundishwa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Sehemu inayokumbukwa ni ile ya masikitiko: kwamba msomi wa zama za ukoloni alijua kucheza dansi za Ulaya na huku hajapata hata kusikia habari za gombe sugu au kiduo. Sehemu inayosahauliwa upesi ni ile iliyofuata, ambamo Mwalimu alionya kuwa taifa lisilotaka kujifunza kwa mataifa mengine ni taifa la watu wasio na akili timamu. Vijana wa Kagongwa wameishika sehemu hii ya pili, na kwa hilo tunawapongeza. Shida ni kwamba ratiba yao imeiacha ile ya kwanza nje ya mlango, na kwa kuiacha, hata hiyo ya pili wameishika kwa ncha za vidole.

MAVAZI BILA WATU

Ratiba yenyewe ni ukurasa mmoja. Saa kumi na mbili jioni wageni wanapokewa. Halafu inaonyeshwa video ya ngoma ya hopak, wavulana wakirukaruka kwa suruali pana na wasichana wakiwa wamevaa mataji ya maua na mashati yaliyodariziwa. Unafuata “wimbo wa Krismasi wa Ukraine” kutoka katika spika. Kisha linasomwa shairi moja la Taras Shevchenko kwa Kiingereza, dakika tano. Baada ya mapumziko ya soda inakuja saa moja nzima ya “jazi ya Marekani”, na mwisho picha za pamoja. Mshereheshaji ameandikiwa na sentensi ya kufungulia: kwamba leo tutafurahia utamaduni wa Warusi wa Ukraine.

Tuanze na sentensi hiyo, maana ndiyo mzizi. Kwa miaka mingi Kiswahili chetu kilikuwa na neno moja tu, Mrusi, kwa kila mtu aliyetoka Muungano wa Kisovieti. Mwalimu kutoka Kharkiv alikuwa Mrusi, mhandisi kutoka Tbilisi alikuwa Mrusi, na kijana wetu aliyerudi na shahada kutoka Kyiv au Odesa alisemwa kasoma Urusi. Ni uvivu wa ulimi, lakini uvivu wa ulimi ukiachwa hugeuka uvivu wa fikra. Ukraine ilikuwa jamhuri yenye lugha yake, tena yenye kiti chake katika Umoja wa Mataifa tangu 1945. Ilijitangazia uhuru Agosti 1991, na Desemba ya mwaka huohuo wananchi wake wakauthibitisha kwa kura ya maoni. Bara ambalo hadi leo huko nje huitwa “nchi ya Afrika” lingepaswa kuwa la kwanza kutambua ubaya wa kosa la namna hii.

Februari 2022, Balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alilieleza Baraza la Usalama jambo hili kwa namna ambayo kila Mwafrika aliielewa: kwamba sisi nasi tuliachiwa mipaka na dola za kikoloni, tukaamua kuishi nayo kuliko kuifukua kwa damu. Serikali ya Tanzania, katika kura ya Baraza Kuu ya Machi 2, 2022, ilijizuia kupiga kura. Huo ni msimamo wa dola katika meza ya madola, na una historia yake ndefu ya kutofungamana na upande wowote. Kijana anayeandaa jioni ya sanaa haombwi kupiga kura. Anaombwa kumwita msanii kwa jina lake.

Kutoka kwenye kosa la jina tunaingia kwenye kosa la mavazi. Hopak ni ngoma nzuri na hatuna ugomvi nayo. Lakini hiyo hopak ya kwenye video, ya mstari ulionyooka na tabasamu moja kwa watu arobaini, ina tarehe yake ya kuzaliwa. Kikundi cha taifa cha ngoma kilichoipa umbo hilo kiliundwa mwaka 1937 chini ya Pavlo Virsky na mwenzake Mykola Bolotov. Mwaka huohuo wa 1937, tarehe 3 Novemba, Les Kurbas, mkuu wa michezo ya kuigiza wa Ukraine, mtu aliyeifundisha nchi yake kufikiri jukwaani, alipigwa risasi katika msitu wa Sandarmokh huko Karelia pamoja na waandishi na wasanii wenzake wengi. Makada wa sanaa wazitazame tarehe hizo mbili kwa makini. Taifa liliruhusiwa kucheza, likakatazwa kufikiri, na shati lililodariziwa likatumika kufunika jeraha. Mtu anayeonyesha shati bila kueleza jeraha anaendeleza kazi ya aliyelifunika, hata kama hana nia hiyo.

Shairi la dakika tano nalo lina habari ambayo ratiba haikuitumia. Shevchenko alizaliwa mwaka 1814 akiwa mali ya mtu. Neno “kabaila”, ambalo sisi wakufunzi hulitamka kwa wepesi darasani, kwake lilikuwa bwana mwenye hati, Engelhardt, aliyemfanya mtumishi wa nyumbani na baadaye akamtajia bei. Bei ilikuwa rubo 2,500. Wasanii waliokuwa rafiki zake waliipata mwaka 1838 kwa bahati nasibu ya picha moja: Karl Bryullov alimchora mshairi Zhukovsky, picha ikachezewa, na kwa fedha hizo mtu akanunuliwa kutoka kwa mtu. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu chake cha kwanza, Kobzar. Kobzar ni jina la wale waimbaji wa Ukraine, wengi wao vipofu, waliokwenda kijiji kwa kijiji na ala ya nyuzi wakiimba habari za vita na dhuluma. Mwaka 1847 alikamatwa na kupelekwa jeshini kwa nguvu, na Tsar Nicholas I akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba asiruhusiwe kuandika wala kuchora.

Mwaka 1858, akiwa amerudi kutoka kifungoni, Shevchenko alikutana mjini St. Petersburg na Ira Aldridge. Huyu alikuwa mwigizaji mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807, akavuka bahari kwa sababu majukwaa ya nchi yake hayakuwa na nafasi kwa mtu wa rangi yake, na sasa alikuwa akiigiza Othello na Lear mbele ya wakubwa wa dola ya Urusi. Hawakuwa na lugha moja. Walitafsiriwa na mabinti wa nyumba waliyokutania. Shevchenko alimchora rafiki yake, na picha hiyo ipo hadi leo. Mmoja alitoka katika utwana wa Ulaya, mwingine katika taifa ambalo bado lilikuwa likiuza watu wa rangi yake mnadani. Shevchenko alikufa Machi 1861, siku chache kabla tangazo la kufuta utwana halijasomwa hadharani. Utumwa wa Marekani ulifutwa 1865. Na hapa Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa haikutungwa hadi 1922, karibu miaka minne baada ya vita vilivyowaondoa Wajerumani.

Hiyo ndiyo habari ambayo ingeziunganisha nusu mbili za jioni ya Kagongwa. Kwa sasa hazina kinachoziunganisha ila soda.

Tuna neno moja zaidi kuhusu shairi: lisomwe kwa Kiswahili. Mwaka 1876, katika mji wa Ems, Tsar Alexander II alitia saini amri iliyopiga marufuku uchapaji wa vitabu kwa Kiukraine na michezo ya jukwaani kwa lugha hiyo, hata maneno yaliyochapwa chini ya noti za muziki. Mtu aliweza kuchapa sauti akanyimwa maneno. Kumchukua mshairi aliyeteswa kwa kuandika lugha ya mama yake, na kumsomea kijana wa Kahama mshairi huyo kwa lugha ya mkoloni wetu, wakati Kiswahili kipo na walimu wa kukitumia wapo, ni dhihaka ambayo waandaaji hawakuikusudia.

WIMBO ULIOPOKONYWA MBAYUWAYU WAKE

Wimbo ulioandikwa “wa Krismasi” una jina lake, Shchedryk, na haukuwa wa Krismasi. Ni wimbo wa kimila wa kukaribisha mwaka, wa watu wa mashambani. Unamhusu mbayuwayu anayeingia uani, akamwita mwenye nyumba atoke akaone kondoo waliozaa na heri inayomjia. (Mbayuwayu wa Ulaya ya mashariki hukimbia baridi ya kwao wakaja kula wadudu Afrika, mtoto wa Kagongwa amewaona juu ya majaruba bila kujua wametoka wapi.) Mykola Leontovych, mwalimu wa muziki na mtoto wa kasisi, aliuchukua wimbo huo wa noti chache mno, akaujenga upya kwa ajili ya kwaya, nayo kwaya ya wanafunzi wa Kyiv ikauimba mara ya kwanza Desemba 1916. Januari 1921 Leontovych alipigwa risasi na wakala wa polisi ya siri ya Kibolsheviki, katika nyumba ya wazazi wake, usiku alioomba kulala.

Kabla ya hapo, mwaka 1919, serikali changa ya Ukraine ilikuwa imeituma nje kwaya iliyoongozwa na Oleksandr Koshyts, ili dunia isikie kwa masikio kwamba taifa hilo lipo. Serikali ilianguka, kwaya ikabaki ikiimba. Tarehe 5 Oktoba 1922 iliimba Carnegie Hall, New York, na Shchedryk ukasikika humo. Mwaka 1936 mwanamuziki wa Marekani, Peter Wilhousky, akaupa maneno mapya ya Kiingereza, yanayohusu kengele. Tangu hapo maduka ya dunia nzima hupiga kengele kila Desemba. Mbayuwayu hayumo, mwenye nyumba hayumo, na katika matangazo ya biashara jina la Leontovych halimo. Hakuna aliyevunja sheria. Ndivyo ubepari ufanyavyo kazi katika sanaa: huchukua kilicho cha kijiji, hukiosha jina, hukirudisha sokoni, na baada ya miaka kadhaa mwenye kijiji mwenyewe hukinunua akidhani ni cha wengine.

Sasa tazameni jambo hili. Siku nne tu kabla ya usiku ule wa Carnegie Hall, yaani tarehe 1 Oktoba 1922, Valentin Parnakh alipanda jukwaani Moscow na bendi ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya jazi katika ardhi ya Kisovieti. Katika wiki moja wimbo wa wakulima wa Ukraine ulipanda jukwaa la New York, na muziki ulioanzishwa na Wamarekani weusi ukapanda jukwaa la Moscow. Hakuna ubalozi uliopanga hivyo. Mwandaaji makini angeweza kuijenga jioni nzima juu ya wiki hiyo moja asihitaji kitu kingine.

Jazi haikubaki Moscow. Ilifika Kharkiv, mji uliokuwa makao makuu ya Ukraine ya Kisovieti hadi 1934, ambako Kurbas alikuwa na kundi lake la Berezil. Mwaka 1929 Berezil ilipandisha jukwaani tamasha la vichekesho na nyimbo, jina lake likitokana na wimbi la redio, wimbi la 477, na muziki wake wa jazi ukiwa umetungwa na Yuliy Meitus. Hapa ndipo tunaposikitika kweli kuhusu ratiba. Waandaaji walitafuta Ukraine upande mmoja na jazi upande mwingine, hali vitu hivyo viwili vilikwisha kukaa katika kazi moja, kwa lugha ya Kiukraine, mikononi mwa vijana wa rika lao. Katika miaka hii ya vita wasanii wa Kharkiv na wa New York wamelirudia tamasha hilo katika sura mpya. Lina uhai.

Baada ya 1929 hadithi inakuwa nzito. Mwaka 1932 na 1933 nchi hiyo ya nafaka ilikufa njaa. Ngano ilichukuliwa kwa nguvu ya dola, na mamilioni ya wakulima wakafa kando ya ardhi nyeusi yenye rutuba kuliko karibu zote duniani. Kagongwa ni soko la mpunga na halihitaji kuelezwa maana ya ghala kufungwa na lenye kufuli kuwa la mtu mwingine. Vitabu vingi tulivyovisoma vyuoni vilieleza ukulima wa pamoja wa Kisovieti vikaruka miaka hiyo miwili. Kada wa leo anayefundisha vijana hana ruhusa ya kuiruka.

DOLA NA TARUMBETA

Saa ya jazi tunaishughulikia kwa kifupi, kwa sababu ratiba yenyewe haikuishughulikia: imeandikwa “nyimbo mbalimbali”. Tunachotaka vijana wajue ni kwamba muziki huu umewindwa na kubembelezwa na madola makubwa yote mawili. Mwaka 1928 Maxim Gorky aliandika katika Pravda kwamba jazi ni muziki wa wanene, akimaanisha mabwanyenye, kana kwamba haukutoka kwa wajukuu wa watumwa. Mwaka 1946 mpiga tarumbeta Eddie Rosner, aliyekwisha kuipigia nyota za jeshi la Kisovieti muziki wakati wa vita, alikamatwa mjini Lviv, nchini Ukraine, alipojaribu kuondoka, akapelekwa kambini Kolyma kwa miaka kadhaa. Marekani kwa upande wake iligundua kuwa tarumbeta ni balozi wa bei nafuu. Tangu 1956, alipotumwa Dizzy Gillespie, serikali ilikuwa ikiwapeleka nje wanamuziki weusi kuuonyesha ulimwengu uhuru ambao nyumbani wenyewe hawakuupata. Benny Goodman alipiga Kyiv mwaka 1962, Duke Ellington mwaka 1971. Na Louis Armstrong, mwaka 1957, alikataa safari ya Kisovieti aliyotakiwa na serikali yake, kwa sababu watoto weusi walikuwa wakizuiwa kuingia shuleni Little Rock. Kukataa huko kwa Armstrong kunafaa kusimuliwa kabla santuri yake haijapigwa. Dakika mbili zinatosha.

Ingekuwa udanganyifu kuwaeleza vijana habari za Gorky na Rosner kisha tukanyamaza juu ya nyumbani. Chama na jumuiya zake walikuwa na bendi, na bendi hizo ziliitwa Jazz. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikawa Juwata, kisha OTTU, na watu wanaijua leo kama Msondo Ngoma. Umoja wa vijana wa TANU ulikuwa na Vijana Jazz, iliyovuma chini ya Hemedi Maneti. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Mpiga gitaa alipata mshahara wa mwisho wa mwezi na vyombo ambavyo peke yake asingevinunua maisha yake yote, naye alitakiwa pia kutunga juu ya Azimio na juu ya kampeni za kilimo. Tunaihesabu hiyo kuwa biashara ya haki kwa sehemu kubwa, maana nyimbo bora za bendi hizo, za mapenzi, za mji na za dhiki, hazikuzimwa. Lakini mwishoni mwa mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na Redio Tanzania nayo ikaja kuacha kupiga muziki wa kigeni. Marufuku ya soul iliwalenga vijana waliokuwa wakiwasikiliza watu weusi wa Marekani walipokuwa katika mapambano yao makali kabisa. Hakuna aliyepelekwa Kolyma, na hatutaki mtu afananishe mambo yasiyofanana. Hata hivyo mlinda mlango aliyemtazama kijana suruali kabla ya kusikiliza alichokuja kukicheza alikuwa akifikiri kama Gorky wa 1928.

Redio ilipowaachia uwanja, bendi zetu zilikua. Hilo nalo ni kweli, na linamsumbua kila anayetaka hukumu nyepesi.

MAGHARIBI YA NANI?

Tumefika kwenye pengo kubwa kuliko yote. Katika jioni ya jazi itakayofanyika Kagongwa, ratiba haina hata bendi moja ya Tanzania.

Huenda waandaaji wanaona kuwa hizo zetu si “jazi ya kweli”. Ni kweli kwamba zilipiga rumba na chacha zaidi ya muziki wa New Orleans. Santuri za Cuba zenye alama ya GV zilizoanza kuingia Afrika miaka ya 1930 ziliwafundisha wapiga gitaa wa Kongo na wa kwetu, na neno jazi katika Kiswahili likawa na maana ya bendi ya kisasa, yenye magitaa na tarumbeta, ya watu wa mjini wanaofanya kazi. Ndiyo maana Franco na wenzake, Leopoldville 1956, waliita yao OK Jazz. Neno lilikuwa limepokewa, likapewa kazi mpya, na hakuna mtu wa New Orleans aliyelalamika. Msomi anayesema hiyo haikuwa jazi ya kweli amekubali kwamba mwenye haki ya kutaja vitu ni mwingine.

Kwa Kagongwa kosa hili ni zito zaidi kuliko lingekuwa mahali pengine. Mwaka 1959, mjini Dar es Salaam, Iddi Nhende, mtu wa Nzega, alianzisha Western Jazz Band. Jina hilo lilitokana na Jimbo la Magharibi la wakati wa mkoloni, na Kahama, pamoja na Kagongwa yake, ilikuwa ndani ya jimbo hilo pamoja na Nzega na Tabora. Mpaka wa Mkoa wa Shinyanga ulikuja baada ya uhuru. Kwa hiyo hiyo “Western” ni Kagongwa yenyewe, ikiwa imehamia pwani kutafuta kazi, ikaona fahari ya kwao na kuiandika juu ya ngoma. Mtindo wake uliitwa Saboso, na gitaa la Rashid Hanzuruni liliwafanya watu wa nchi nzima waisikie Magharibi. Tabora kwenyewe kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, na baadaye Tabora Jazz ya akina Shem Karenga. Kijana wa Kagongwa anayeweza kutaja wapiga saksafoni watatu wa New York na hajui kwamba jina la mahali alipozaliwa lilikuwa jina la bendi iliyopigwa redioni kila wiki yuko mahali palepale alipokuwa msomi wa Mwalimu wa 1962. Mabadiliko ni ya nguo tu.

Hali kadhalika na hopak. Video hiyo ibaki, dakika tatu, lakini baada yake asimame manju mmoja wa Bagika au wa Bagalu na zeze lake. Jamii mbili hizo za ngoma, zinazojihesabu kuwa za Ngika na Gumha, zimekuwa zikishindana katika Usukuma tangu kabla ya Wajerumani, baada ya mavuno, kwa nyimbo zilizotungwa kumpiga mpinzani na kumsema mkubwa. Bujora, karibu na Mwanza, kuna makumbusho yaliyohifadhi habari zao. Manju ndiye ndugu wa kobzar. Akimaliza kuimba, vijana waelezwe habari za kobzar kipofu, nao wataielewa upesi kuliko kwa mhadhara wowote wa kwetu.

Wimbo wa Leontovych upewe jina lake katika karatasi ya ratiba, na mwaka 1916 kando yake. Kama kwaya ya kanisa au ya shule inaweza kujifunza noti zile chache kwa juma mbili, iimbe yenyewe, maana wimbo huo ulitungwa kwa ajili ya makoo ya watu. Mshereheshaji afute Warusi. Picha ya Aldridge ichapwe kubwa, itundikwe ukutani kati ya nusu mbili za jioni.

Na jambo moja la utaratibu. Western Jazz isiwekwe mwisho, baada ya Wamarekani, kama kitu cha kumalizia muda. Wazee waliocheza Saboso hawakai ukumbini hadi saa nne usiku. Wengi hupanda bodaboda kurudi vijijini mapema, na barabara ile ina malori. Ipigwe mara baada ya habari ya Shevchenko na Aldridge, kabla ya soda, na mzee mmoja atakayekuwapo apewe kipaza sauti aeleze alikuwa wapi alipoisikia mara ya kwanza.